Kitabu chenye jina, chenye mhuri au kilichoandikwa pembeni: kipi ubebe?

Januari ndiyo inayowaumbua wazazi wa Mtwara na Lindi. Hela ya korosho imeshakwenda kwenye bati, madeni na harusi ya mdogo mtu, na mtoto kashika orodha ya vitabu mkononi. Hapo ndipo watu wanapoelekea kwenye vitabu vilivyotumika, iwe ni meza ya pembeni mwa soko la Chikongola, iwe ni jirani aliyemaliza Kidato cha Nne, iwe ni tangazo kwenye kikundi cha WhatsApp. Mnunuzi huuliza, "Kimechorwachorwa?" Muuzaji hujibu, "Kidogo tu." Wote wawili wanabaki pale pale walipokuwa, kwa sababu kuna mchoro unaoua kitabu, kuna unaokiongezea faida, na kuna unaosema wazi kwamba hakikupaswa kuwa mezani hapo.

Nimeviweka viwili viwili, kwa namna mtu anavyokutana navyo akiwa amesimama na nakala moja kila mkono.

Jina la mtu, au ukurasa uliochanwa?

Nakala ya kwanza ina majina matatu ndani ya jalada, miandiko mitatu tofauti, mawili yamepigwa mstari. Bila shaka ilianza kwa kaka, ikaenda kwa mdogo wake, ikaishia kwa mtoto wa jirani. Nakala ya pili ni safi kabisa, ila ukurasa wa mwanzo haupo. Umekatwa kwa rula, na kipande chembamba cha karatasi bado kimeng'ang'ania kwenye mshono.

Wengi hubeba ya pili. Mimi nabeba ya kwanza bila kujiuliza.

Jina la mtu halikuzuii kusoma hata neno moja. Ukurasa uliochanwa umeondoka na mambo. Nyuma ya ule ukurasa wenye jina la kitabu ndipo panapoandikwa mchapishaji, mwaka wa chapa, toleo na ile namba ndefu ya ISBN. Kwa kitabu cha shule hilo ni jambo zito siku hizi, maana mtaala mpya ulianza kuingia kwa awamu mwaka 2024, na madarasa hayakubadilika yote kwa mkupuo. Bila mwaka na toleo, mzazi hajui kama anambebea mtoto kitabu cha darasa lake au karatasi nzuri ya kufungia karanga. Halafu jiulize: nani anachana ukurasa mzima ili kuficha jina la mtoto wa mtu? Ukurasa ule ule ndio unaopigwa mhuri. Nitafika huko.

Jina lililopakwa wino mweupe wa kufutia liko katikati ya hayo mawili. Lisikusumbue, ila inua ukurasa uelekee kwenye mwanga, uutazame kwa upande wa nyuma. Mara nyingi utasoma kilichofichwa. Likiwa jina la mtu, endelea na bei. Yakiwa maneno "Mali ya", rudisha mezani.

Ukiwa wewe ndiye unayeuza, acha jina lako lilivyo au lipige mstari mmoja tu. Cha kuficha ni namba ya simu. Wanafunzi wana tabia ya kuandika "Ukikiokota nipigie" na namba kamili, na kitabu kikifika Masasi au Liwale huwezi kujua nani atakupigia usiku.

Penseli, peni na hailaita

Hapa hakuna mjadala mrefu. Penseli ni nafuu: kwa raba nyeupe laini, ukifuta kuelekea upande mmoja kutoka mshononi kwenda ukingoni, ukurasa unarudi karibu na ulivyokuwa. Raba ngumu ya kwenye kichwa cha penseli hukwangua karatasi na kuacha doa.

Peni ya kawaida haitoki. Wino wake ni mzito, una asili ya mafuta, na ncha yake inachimba; hata rangi ikipauka, ukipitisha kidole nyuma ya ukurasa unausikia mstari. Kuna wanaojaribu jiki kwa kipande cha pamba. Wino unapungua kweli, lakini karatasi nayo inadhoofika, na baada ya muda inageuka njano na kuanza kukatika. Kitabu kilichopitishwa jiki mimi nakihesabu kuwa kibovu kuliko kilichoandikwa.

Wino wa maji, ule wa kalamu za kujaza na wa baadhi ya peni za jeli, una tatizo la huku kwetu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza kushika Desemba na kuachia Aprili au Mei, ndio miezi ile ile ya mwanafunzi kutembea na begi. Kikilowa mara moja, maandishi ya pembeni yanatambaa hadi kwenye mistari ya chapa. Kama unanunua kitabu cha kukaa nacho miaka, angalia kona za chini: rangi ikiwa imeanza kuvuja hapo, kimeshaonja maji. Na ukungu ukiusikia puani, achana nacho hata kama hakina alama ya mtu yeyote, kwa sababu utavihamia vitabu vingine kabatini.

Hailaita ya njano ina jambo moja la kuitetea: ukitoa kopi ya rangi nyeusi na nyeupe, aghalabu haionekani. Waridi, bluu na kijani hutoka kama kivuli cha kijivu na kufunika maneno. Kwa wanachuo wa Stella Maris au wa vyuo vya ualimu, ambao kitabu kimoja hutolewa kopi kwa nusu ya darasa, tofauti hiyo ni ya kuitazama kabla ya kulipa. Lakini hailaita ina ubaya mwingine uliojificha zaidi, na hauhusiani na karatasi.

Majibu yaliyojazwa, au maelezo ya pembeni?

Hili ndilo la kukaa nalo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza hela, na hapa ndipo vitabu vizuri vinapoachwa mezani.

Kitabu cha Hisabati ambacho mazoezi yake yote yamejazwa majibu kwa peni kimekwisha. Kinachonunuliwa kwenye kitabu cha Hisabati ni maswali. Maelezo ya mwalimu yanapatikana darasani na kwenye simu. Maswali yaliyopangwa kutoka jepesi kwenda gumu ndiyo adimu. Macho hayana adabu: yakishaona "x = 3" pembeni mwa swali la saba, mkono hautatafuta tena. Na majibu hayo yakiwa ya kukosea, mtoto ataumia mara mbili. Kwa kitabu cha namna hiyo nusu ya bei ni nyingi. Robo ya bei labda, kama una mpango wa kunakili maswali kwenye daftari na kukifunga.

Weka pembeni yake nakala nyingine ya kitabu kile kile. Mazoezi hayajaguswa, ila kwenye mifano mwenyewe ameandika. Penye mfano wa −2x > 6, jibu lililochapwa ni x < −3, na mwanafunzi mwingine angepita tu akidhani mchapishaji kakosea. Huyu kaandika pembeni kwa penseli: "ukigawa kwa hasi, geuza mdomo." Maneno matano yanayookoa alama mbili za mtihani. Nakala hiyo nailipia zaidi ya ile safi.

Vitabu vya sekondari, ukiacha Kiswahili na masomo machache, viko kwa Kiingereza, na mtoto anayetoka shule ya msingi ya Tandahimba au Ruangwa anaingia Kidato cha Kwanza akiwa amesoma kila kitu kwa Kiswahili. Nakala ya Biolojia ambayo mwenye nayo wa kwanza alipanda juu ya maneno magumu na kuandika maana kwa Kiswahili chake, kwamba photosynthesis (usanisinuru) ni "mmea kujipikia kwa jua", ni kama umenunua kitabu ukapewa na kaka wa kukusomesha. Mfanyabiashara wa vitabu vya thamani angekishusha bei kwa uchafu. Mzazi asimfuate.

Ila maelezo ya mtu mwingine ni mali ya kuikagua. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Marekani, Vicki Silvers na David Kreiner, waliwapa wanafunzi matini ya kusoma: wengine safi, wengine iliyopigiwa mistari kwenye mambo ya msingi, wengine iliyopigiwa mistari kwenye mambo yasiyo na maana. Kundi hili la mwisho lilielewa kidogo kuliko yote mawili. Kilichonishangaza mimi ni jaribio lao la pili: hata wanafunzi walipoonywa mapema kwamba mistari hiyo haina maana, bado iliwavuruga. Jicho linafuata rangi, utake usitake. Kwa hiyo kitabu cha fasihi ambacho kila ukurasa umewaka njano juu hadi chini hakina msaada wowote ndani yake. Mwenyewe hakuchagua chochote, na atakuchagulia na wewe hivyo hivyo.

Namna ya kumpima mtu ambaye hujamwona ni rahisi. Fungua sura ya kwanza, halafu ya katikati, halafu ya mwisho. Wengi wana bidii ya Januari: maelezo mengi hadi ukurasa wa thelathini, kisha kimya. Kitabu cha hivyo kimsingi ni kisafi chenye uchafu mlangoni, kihesabu hivyo na upunguziwe kidogo. Maelezo yanayofika sura ya mwisho ni ya mtu aliyesoma. Kisha tafuta sehemu moja unayoijua wewe vizuri, uone kama kaandika sawa. Akikosea hapo, usimwamini kwingine.

Dharau dhidi ya maandishi ya pembeni imewahi kumwumbua mtu mkubwa. Mwandishi Arthur Koestler aliandika kwamba kitabu cha Copernicus cha mwaka 1543, kile kilichoweka jua katikati, kilikuwa kitabu ambacho hakuna aliyekisoma. Mwanaastronomia Owen Gingerich wa Harvard akatumia kama miaka 30 kukagua karibu nakala 600 za matoleo mawili ya kwanza, la 1543 na la 1566, akakuta pembeni mmejaa hesabu, mabishano na masahihisho ya wanaastronomia wa zama zile. Wino wao ndio uliothibitisha kwamba kilisomwa. Na kwa sababu hakuna nakala mbili zenye maandishi yanayofanana, kumbukumbu zake zilisaidia pia kutambua nakala zilizoibwa maktabani.

Mhuri: upi wa kununua, upi wa kukimbia

Mhuri hauharibu usomaji hata kidogo, na kwa sababu hiyo watu huudharau. Lakini jina la mtu ni habari za zamani. Mhuri wa taasisi unaweza kuwa ni dai ambalo bado liko hai.

Vitabu vya kiada vinavyogawiwa na serikali mashuleni vinabeba tangazo la "Hakiuzwi". Hapo hakuna cha kulinganisha, hata kikiwa kipya na bei ya kutupa. Muuzaji atakwambia, "Njomba, shule yenyewe ndiyo iliyovitoa." Mali ya umma ina utaratibu wa kufutwa kwenye leja, na mwenye meza hana karatasi yake. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na hata tukiacha sheria, huyo mtoto atakibeba kitabu hicho kurudi kwenye shule yenye walimu wanaoujua mhuri wao.

Cha maktaba kinahitaji jicho la pili. Maktaba za mikoa, za kwetu hapa Mtwara na Lindi zikiwemo, ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo mizizi yake ni sheria ya mwaka 1963. Maktaba yoyote duniani huondoa vitabu vilivyochakaa au vilivyopitwa na wakati, na ikiondoa kwa haki huweka alama ya kuondolewa au hufuta mhuri wake kwa mhuri mwingine. Mhuri wa maktaba peke yake, bila alama hiyo, maana yake kitabu bado kina kwao. Usikinunue, na kama kiko nyumbani kwako tangu enzi za baba, kirudishe, watakipokea.

Vile vinavyoingia kwenye mitumba kutoka Uingereza na Marekani vikiwa na alama ya kuondolewa, pamoja na mfuko wa kadi nyuma na jalada la plastiki, ni habari nyingine. Wakusanyaji wa vitabu hawavitaki, ndiyo maana ni rahisi. Msomaji anapaswa kuvikimbilia, kwa sababu maktaba nyingi hushona na kuimarisha vitabu vyao ili vihimili mikono mingi. Kitabu kikiwa bado kina ile karatasi ya tarehe za kurudisha, isome pia. Inakuambia kama kitabu kilikuwa kinagombaniwa au kilikaa rafuni kikila vumbi.

Wakfu na hadiya

Ukitembea Lindi, Kilwa au Mikindani utakutana na vitabu ambavyo mwongozo wa bei hauvigusi: misahafu, vitabu vya fikihi, vya nahau, mara nyingine vilivyoandikwa kwa mkono. Angalia jalada la ndani na kurasa za mwanzo. Pakiandikwa kwamba kitabu ni wakfu, basi kimetolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na wanufaika waliotajwa, iwe ni msikiti, chuo au wanafunzi wa sehemu fulani, na kwa hukumu inayofuatwa pwani yetu ya Kishafi hakiuzwi, hakirithiwi, wala hakitolewi zawadi. Anayekiuza huenda hajui kusoma kilichoandikwa. Mwambie kwa adabu, "Shekhe, hiki kina wenyewe," na msaidie kukifikisha.

Hadiya ni kinyume chake. "Hadiya kwa mwanangu fulani, siku ya kuhitimu juzuu" ni zawadi, na aliyepewa ni mali yake, anaweza kuuza. Tofauti hiyo inaweza kuwa neno moja tu kwa hati ya Kiarabu, kwa hiyo kama husomi, piga picha umpelekee anayesoma kabla hujatoa hela.

Kwenye vitabu vya mkono, usifute chochote. Jina la mnakili na tarehe ya Hijria huwa mwishoni, na majina ya waliokimiliki yanaonyesha kilitoka bandari gani kikafika wapi. Ukivisafisha hivyo umekata nasaba yake.

Upande wa Masasi na Ndanda, kinachofanana na hili ni Biblia ya familia, na vitabu vya sala vilivyotoka kwenye kiwanda cha uchapaji cha Wabenediktini wa Ndanda. Ndani utakuta tarehe za ubatizo, kipaimara, ndoa, vifo. Kwa msomaji haviongezi wala kupunguza bei. Kwa ukoo ule pengine ndiyo hati pekee ya kuzaliwa kwa babu. Ukikipata kwenye rundo, uliza kwanza kama familia inajua kimeuzwa.

Sahihi ya mwandishi, na "kwa rafiki yangu"

Sahihi hupandisha bei pale tu panapokuwa na mtu anayeitafuta. Sahihi ya mwandishi asiyejulikana ni jina tu kama majina mengine.

Sahihi tupu au iliyoandikwa kwa jina la mtu? Mkusanyaji wa kawaida hupendelea sahihi tupu, kwa sababu "Kwa Hamisi, kwa upendo" inamnufaisha Hamisi. Hesabu hugeuka Hamisi akiwa mtu wa kujulikana, au pale kitabu, mtoaji na mahali vinapohusiana. Trevor Huddleston, aliyepinga ubaguzi Afrika Kusini kabla ya kuja kwetu, alikuwa Askofu wa Masasi kutoka 1960 hadi 1968. Kitabu chake chenye mwandiko wake na jina la padri au mwalimu wa Masasi wa miaka ile kingekuwa na thamani kuliko chenye sahihi peke yake. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, kumbukumbu za maisha yake zilitoka Novemba 2019 na yeye akafariki Julai 2020. Muda wa kutia sahihi ulikuwa mfupi mno, kwa hiyo nakala zenye sahihi ya kweli haziwezi kuwa nyingi, na mwenye nayo asiiuze kwa haraka.

Ya kweli maana yake ni ya wino. Vitabu vingine huchapwa sahihi ya mwandishi mwishoni mwa dibaji, na watu huiuza kama ya mkono. Itazame kwa kuikuza kwenye kamera ya simu: sahihi ya mkono ina sehemu nzito na nyepesi, na peni huacha mfereji, ya chapa ni rangi moja tambarare au vidoti.

Ukinunua kwa simu

Vitabu vingi sasa vinatoka Dar kwa basi, na ukishatuma hela, kurudishiwa ni shughuli. Picha ya jalada haikusaidii. Mwombe muuzaji picha ya ndani ya jalada la mbele, ya nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, ya zoezi moja la katikati atakalolichagua mwenyewe na jingine utakalolitaja wewe kwa namba ya ukurasa. Hilo la mwisho ndilo linaloonyesha ukweli, kwa sababu la kwanza atatafuta penye usafi. Akisema kitabu kiko mbali au simu haina chaji, mwambie utalipa bei ya kitabu kilichojazwa majibu. Kikifika kisafi, utamwongezea.